Dawa ya maharagwe tunaichoma nyuma ya jikoni

Kila Ijumaa jioni, katika shule nyingi za nchi hii, moshi hupaa nyuma ya jikoni. Wanafunzi huwa wamefagia uwanja, wakakusanya majani makavu, nyasi zilizofyekwa, maganda ya ndizi, makapi ya maharagwe na magunzi ya mahindi, kisha kiranja wa usafi akakabidhiwa kiberiti. Mwalimu wa zamu huutazama moto ule kwa mbali, akaridhika kwamba shule i safi na juma limekwisha salama.

Nimekuwa mwalimu wa zamu huyo kwa miaka mingi. Leo nataka kukiri kosa langu mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi, kwa sababu nimekuja kutambua kwamba tulichokuwa tukikichoma kila Ijumaa ndicho dawa ya ugonjwa uliokuwa ukitunyang'anya chakula cha mchana.

Nilianza kazi ya ualimu Vihiga mwaka 1991. Wazee wa huko watakumbuka hali ilivyokuwa siku hizo. Maharagwe yalichipuka vizuri, lakini yalipofikisha wiki tatu majani ya chini yaligeuka manjano, mmea ukadumaa, halafu ukanyauka ungali mchanga. Aliyeung'oa alikuta mizizi imekuwa ya kahawia au nyeusi, laini, imeoza. Wakulima wengi wa Vihiga na Kakamega walikata tamaa wakaacha kabisa kupanda maharagwe. Mama yangu mzazi alikuwa miongoni mwao. Nilipomuuliza kwa nini ananunua maharagwe sokoni ilhali ana shamba, alinijibu: "Mwanangu, udongo umechoka. Hautaki maharagwe tena."

Nilicheka kidogo, kama wacheka watu waliosoma. Kumbe mama alikuwa amesema kweli kuliko vitabu vyangu.

Ugonjwa huo ni kuoza kwa mizizi. Husababishwa hasa na vimelea viwili vinavyoishi udongoni. Cha kwanza ni Fusarium, ambacho ni kuvu. Cha pili ni Pythium, ambacho kwa sura ni kama kuvu lakini kwa ukoo ni jamaa ya mwani. Vimelea hivi havikuletwa na upepo jana. Vimekuwamo ardhini daima, na katika udongo wenye afya huishi kwa taabu, vikibanwa na majirani wengi. Swali la kujiuliza basi si vilitoka wapi, bali ni nani aliyeviachia nafasi.

Jibu tunalo. Katika sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Vihiga ilikuwa na watu wapatao 1,047 katika kila kilomita mraba. Familia nyingi zina ekari moja au chini yake. Mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka, na kila msimu mahindi na maharagwe hurudi palepale yalipovunwa. Shamba halipumziki. Ng'ombe wamepungua na samadi imepungua pamoja nao. Mabua yanalishwa mifugo au yanachomwa kama kuni, na majani yanachomwa kama taka. Mwaka baada ya mwaka tunatoa udongoni bila kurudisha. Viumbe vyema vya udongo hufa njaa, navyo vimelea vinavyopenda maharagwe huandaliwa karamu mara mbili kwa mwaka.

Hayo yote nilikuwa nikiyajua kwa ulimi. Nilikuwa nikifundisha somo la Kilimo, na hatua za kutengeneza mboji niliziandika ubaoni kila mwaka kwa mwandiko mzuri. Wanafunzi walizinakili, wakazikariri, wakazijibu katika mtihani. Hatukuwahi kutengeneza hata rundo moja.

Miaka michache iliyopita, chama chetu cha 4K kilipanda maharagwe aina ya Rosecoco katika robo ekari nyuma ya madarasa. Nia ilikuwa njema: mavuno yaingie katika githeri ya wanafunzi, hasa wale ambao wazazi wao hawakuweza kulipia chakula. Katika wiki ya tatu, manjano yale niliyoyajua yakaanza. Nilikimbilia mjini na pesa za chama, nikanunua dawa ya unga ya kuua ukungu, nikainyunyizia majani asubuhi na jioni. Maharagwe yaliendelea kufa kana kwamba nilikuwa nikinyunyiza maji matupu.

Ndipo nikamwita afisa wa kilimo wa wadi yetu. Aliyekuja alikuwa mwanamke niliyekuwa nimemfundisha mwenyewe zamani. Alinisalimu kwa heshima, akachuchumaa, akang'oa mche mmoja, akauosha mizizi kwa maji ya chupa yake, akanionyesha michirizi ya rangi nyekundu iliyochanganyika na kahawia.

"Mwalimu," alisema, "mgonjwa anaumwa tumbo nawe unamtia dawa ya macho. Ugonjwa uko chini."

Nilimuuliza dawa ya chini ni ipi. Hakunijibu papo hapo. Ilikuwa siku ya Ijumaa, na moshi ulikuwa umeanza kupanda nyuma ya jikoni. Aliutazama, kisha akasema kwa upole: "Wewe ndiye uliyenifundisha hatua za kutengeneza mboji. Nilizikariri zote, nikapata alama zangu. Lakini sikuwahi kuiona mboji hapa shuleni hata siku moja."

Wasomaji wapendwa, nimewahi kukemewa na wakaguzi wa elimu, na nimewahi kulaumiwa na wazazi. Hakuna lawama iliyonichoma kama maneno yale ya adabu.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kuelewa namna mboji inavyoweza kuwa dawa, na ningependa kuyaeleza hayo kwa lugha nyepesi ili mwalimu aweze kuyapeleka darasani.

Kwanza, udongo ni mji wenye wakazi wengi. Gramu moja tu ya udongo wenye rutuba yaweza kuwa na bakteria wanaofika bilioni moja, mbali na kuvu na viumbe vingine. Unapotia mboji, unaupa mji huo chakula na pia wakazi wapya. Wakazi wakiwa wengi hugombea chakula, na vimelea vya maharagwe hupata makombo tu. Pythium hasa ni mwepesi wa kushambulia mbegu na miche, lakini ni mnyonge katika ushindani. Akikuta sukari inayotoka kwenye mbegu imeshaliwa na wengine, hana nguvu ya kushambulia.

Pili, miongoni mwa wakazi hao wamo mahasimu wa vimelea. Kuvu aina ya Trichoderma hujizungusha kwenye nyuzi za kuvu nyingine, ikazitoboa na kuzila. Bakteria wengine hutoa kemikali zinazowazuia jirani zao wasikue. Wanafunzi wasidhani kwamba haya ni mambo madogo. Streptomycin, dawa ya kwanza ya kuua viini iliyofaulu kutibu kifua kikuu, iligunduliwa mwaka 1943 katika jimbo la New Jersey, Marekani, kutokana na kiumbe mdogo wa udongoni. Ikiwa udongo uliweza kumpa binadamu dawa ya mapafu, hatuna sababu ya kushangaa ukiupa mmea dawa ya mizizi.

Tatu, mboji hubadilisha makao yenyewe. Udongo uliokandamizwa hutuamisha maji, na Pythium huogelea katika maji hayo hadi kwenye mizizi. Mboji huulegeza udongo, maji yakapita na hewa ikaingia. Aidha, mmea uliolishwa vizuri huchipuza mizizi mipya kuchukua mahali pa ile iliyooza, na hivyo huweza kuzaa hata kama umeshambuliwa.

Fikra hii si ngeni wala si ya kishamba. Mwaka 1926, mtafiti G. B. Sanford wa Canada, akichunguza ugonjwa wa ukoko wa viazi, alieleza kwamba mbolea ya kijani ilipunguza ugonjwa huo kwa kuwachochea bakteria wa udongoni wanaopingana na viini vyake. Naye Mwingereza Albert Howard, aliyefanya kazi Indore nchini India kuanzia mwaka 1924 hadi 1931, alijifunza kwa wakulima wa huko namna ya kurudisha taka zote shambani, akaipanga elimu hiyo kuwa utaratibu. Katika kitabu chake cha mwaka 1940, An Agricultural Testament, alitaja mashamba ya kahawa ya hapa Kenya miongoni mwa yale yaliyoujaribu utaratibu huo. Hapa nyumbani, Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya ilianzishwa mwaka 1986, na imewafunza wakulima wengi ufundi huo huo. Kwa hivyo elimu tunayo tangu zamani. Tulichokosa ni mikono.

Kuna watakaosema kwamba njia ya haraka ni kuua kila kitu udongoni. Njia hiyo ilijaribiwa. Wakulima wa maua na mboga walikuwa wakifukiza udongo kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo huua vimelea na rafiki zao pamoja. Ni sawa na kuwafukuza wanakijiji wote ili kumkamata mwizi mmoja. Kijiji kikibaki mahame, mwizi aweza kuwa wa kwanza kurudi. Zaidi ya hayo, gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal nchi tajiri zilitakiwa kuacha matumizi yake ya kawaida shambani kufikia mwaka 2005, na nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, kufikia mwaka 2015. Hata wenye pesa walilazimika kutafuta njia nyingine. Sembuse sisi wenye robo ekari?

Hata hivyo, sitaki kumdanganya mtu. Mboji si dawa ya miujiza, na anayeitumia vibaya aweza kujidhuru. Mmea uliokwisha kuoza mizizi hauponi kwa kutiwa mboji. Mboji ni kinga, nayo huchukua misimu kadhaa kujenga nguvu. Tena ukifukia majani mabichi leo na kupanda kesho, unamlisha Pythium mwenyewe, kwani sukari ya majani mabichi humfikia kabla ya washindani wake kuongezeka. Subiri wiki mbili au tatu kati ya kufukia na kupanda. Samadi mbichi nayo huchoma mizizi, na mabua makavu yakifukiwa peke yake huufunga naitrojeni ya udongo, mmea ukabaki manjano kwa njaa.

Lipo pia suala la mabaki yenye ugonjwa. Rundo lililotengenezwa sawasawa hupata joto la nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, na vimelea vingi hufa joto likidumu juu ya nyuzi 55 kwa siku kadhaa. Rundo baridi halina uwezo huo. Hivyo mimea iliyougua iwekwe katikati ya rundo penye joto, na rundo ligeuzwe ili kila sehemu ipate zamu yake. Kwa viazi na nyanya zilizokufa kwa mnyauko wa bakteria, mimi nashauri zisiingizwe katika rundo la shule kabisa, kwa kuwa ugonjwa huo ni sugu na hatuna vipimajoto vya kutuhakikishia.

Isitoshe, mboji inahitaji wenzake. Watafiti wa kituo cha Kakamega cha taasisi ya utafiti wa kilimo, ambayo sasa huitwa KALRO, walitafuta aina za maharagwe zinazostahimili kuoza kwa mizizi, na wakulima wa magharibi wakazijua kwa majina KK8, KK15 na KK22. Mbegu stahimilivu, kubadilisha mazao, kupanda juu ya matuta, kupandisha udongo shinani na kutia mboji ni hatua zinazosaidiana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wala sisemi mbolea ya dukani itupwe. Udongo mwingi wa magharibi una asidi na uhaba wa fosforasi, na majani yaliyokatwa katika shamba lenye uhaba huo hayawezi kuuondoa peke yake. Ninachosema ni kwamba mbolea ya dukani huulisha mmea, lakini haiulishi mji ulio chini yake. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000 kabla ya serikali kushusha bei ya ruzuku hadi shilingi 3,500, na baadaye 2,500 mwaka 2023. Mkulima aliyetegemea gunia peke yake alijifunza mwaka ule maana ya kutegemea cha ndugu.

Sasa turudi shuleni. Baada ya aibu yangu, tuliacha kuchoma. Tulipima nafasi ya mita 2 kwa mita 1.5 chini ya kivuli, tukapanga matabaka: mabua yaliyokatwakatwa chini, kisha majani mabichi, samadi kutoka kwa jirani, jivu kidogo la jikoni, udongo wa juu kiasi, na maji. Majani mabichi hayakutugharimu kitu, kwa kuwa tithonia, yale maua ya manjano yanayojaa kando ya barabara za magharibi, yana naitrojeni ya kiasi cha asilimia 3.5 ya uzani wake mkavu. Tulipandisha rundo hadi mita 1.5, tukachomeka fimbo ndefu katikati. Kila asubuhi mwanafunzi wa zamu aliichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto, rundo linafanya kazi. Ikiwa baridi na kavu, linahitaji maji au kugeuzwa.

Hesabu nayo ilipata kazi. Kiwango cha tani 10 kwa hekta ni sawa na kilo moja kwa kila mita mraba. Robo ekari ni karibu mita mraba 1,000. Shamba letu basi lilihitaji takriban tani moja. Wanafunzi waliokuwa wakilalamika kwamba hesabu za eneo hazina maana walizifanya wenyewe bila kusukumwa.

Ningependa pia kuwapa walimu wa sayansi jaribio moja rahisi. Chukueni udongo wa mahali palipougua, muujaze katika mikebe iliyotobolewa chini. Kundi la kwanza libaki na udongo mtupu. Kundi la pili litiwe mboji iliyoiva. Kundi la tatu litiwe mboji ileile iliyochemshwa vizuri na kupoa. Pandeni maharagwe, kisha baada ya wiki nne yang'oeni na kuilinganisha mizizi. Kundi la tatu ndilo lenye siri. Chakula cha mmea kimo bado, lakini wakazi hai wamekufa. Kundi la pili likishinda la tatu, wanafunzi wamepata dalili kwamba kinga ilitoka kwa viumbe hai, si kwa rutuba pekee. Wasiposadiki, warudie. Huko ndiko kusoma sayansi.

Na shamba letu je? Msimu wa kwanza baada ya mboji, na kwa mbegu stahimilivu, baadhi ya miche ilikufa tena. Wanafunzi walinitazama kwa shaka, nami nikawaambia wasubiri. Msimu wa pili waliokufa walipungua. Msimu wa tatu tulivuna, na maharagwe yakaingia katika sufuria ya shule. Hayakutosha muhula mzima, lakini yaliingia. Kuna mtoto mmoja ambaye kabla ya hapo alikuwa akizurura nyuma ya madarasa saa ya chakula akijifanya hana njaa. Siku ile alipanga foleni na sahani yake kama wengine, kwa kuwa chama kilikuwa kimekubaliana kwamba aliyelima anakula.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unatutaka tuwafunze watoto kutenda. Vyama vya 4K vilizinduliwa upya mwaka 2021. Maneno yapo, na vyombo vipo. Kinachotakiwa sasa ni mwalimu mkuu kutoa amri moja isiyohitaji bajeti: Ijumaa hii kiberiti kibaki jikoni. Wapishi watenge maganda, viranja wapeleke majani penye rundo, na mwalimu wa Kilimo ashike uma wa kugeuzia badala ya chaki walau mara moja kwa wiki.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu. Nyumbani kwenu kuna majani, maganda na jivu. Mwambieni mzazi awaachie kona moja ya shamba, nanyi mwonyesheni.

Mama yangu sasa ni mzee. Mwaka jana nilimpelekea magunia mawili ya mboji ya shule na kilo mbili za mbegu. Alitia mkono ndani ya gunia, akanusa, akauliza ni nani aliyenifundisha. Nilimwambia ni mwanafunzi wangu. Alipanda mistari minne karibu na nyumba, ya kwanza baada ya miaka mingi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa mkulima, mimi naona akiba ya udongo ni ile iliyooza. Tuiache ioze, tusiichome.